Kufuli Chini ya Kizingiti

Meza yangu ni pana kama mlango wa choo,
nimeiegemeza ukutani nyuma ya Soko la Burma,
pale moshi wa wachoma nyama unapokata kona.
Nina tupa tatu, jiriwa moja, mwavuli uliovunjika mbavu
na kibao: FUNGUO ZA AINA ZOTE.
Miaka kumi na tisa. Nimewafungulia wajane masanduku ya marehemu,
na siku moja, usiniulize, ofisi ya chifu.

Alhamisi asubuhi akaja Khasandi,
yule auzaye managu kule Huruma, ghorofa za mwisho, karibu na mto.
Midomo imemkauka. "Nimefunga," akasema,
"leo siku ya tatu, chai usinikaribishe."
Akafungua leso, akaweka kufuli mezani.

Naijua sauti ya chuma kikigusa mbao.
Hii ilitua kama kitu kinachosikiliza.
Imebanwa. Imezungushiwa uzi mwekundu, uzi mweusi,
katikati karatasi iliyoanza kuoza,
na kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu, jina lake,
jina la mamake, na neno moja: USITOKE.
Aliifukua chini ya kizingiti
akitafuta bomba lililopasuka.

Mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe.
Mimi, niliyezishinda kufuli za China na za Ujerumani,
nikatazama kufuli ya shilingi mia nne
nikasikia jasho likitafuta njia mgongoni.

Maana kiunoni, chini ya mkanda,
nina uzi wa shangazi yangu wenye mafundo saba.
Nilivishwa mwaka ule tulipomzika mtoto wa pili.
Naoga nao. Naiendea meza ya Bwana nao.
Kanisani tukisimama kuimba kwamba tu huru
mimi huwa nimeshikilia shati.

"Mama," nikasema, "kitu hiki kipeleke kwa mchungaji.
Wakiombee, wakichome, wakitupe mtoni."

Akacheka, cheko fupi la mtu mwenye njaa.
"Mtoni kumejaa, fundi.
Na kuomba nimekwisha omba. Jana usiku stima imepotea mtaa mzima,
mshumaa sina, mtoto amelala na kikohozi chake,
nikasema, Bwana, wewe ulitoka kaburini
jiwe likiwa na muhuri wa serikali.
Sasa huyu wa kalamu ya bluu ni nani?
Basi. Sikuanguka, sikupiga kelele.
Nilihisi tu uchovu, kama mtu aliyetua mtungi,
nikalala hadi adhana ya alfajiri."

"Kwangu, basi, unataka nini?"

"Ufunguo.
Kibanda changu nakifunga kwa waya, vijana wananimalizia nyanya.
Na hii ni kufuli nzuri, tazama, shaba tupu.
Aliyenifunga hakubania pesa."

Nikakata nyuzi. Nikaidondoshea mafuta ya taa.
Pini tano. Ya nne ilikuwa na kutu, ikanihangaisha,
nikaona haya moyo kunidunda hivyo kwa ajili ya pini.
Kisha ikaachia,
sauti ndogo, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.
Upepo haukuvuma. Nzi alitua juu ya jiriwa.
Mwenye mkokoteni akatupigia yowe tumpishe.

Ile karatasi yenye jina lake
Khasandi alifutia mafuta vidoleni,
akaitupa kwenye debe langu la vyuma vibovu.
Alilipa mia mbili, akasimama kungoja chenji yake,
shilingi hamsini, akaihesabu.

Jioni hii nimefunga kazi mapema.
Nimekaa kitandani, vifungo vya shati vi wazi,
mkasi uko mapajani na siushiki.
Fundo la kwanza nimelipata kwa ukucha.
Ni gumu. Miaka kumi na moja ya jasho imeligeuza jiwe.

Huko Huruma saa hizi anakifunga kibanda chake
kwa ile ile iliyokusudiwa kumfunga,
kisha anakwenda kula.

Bwana, nasikia nawe ulikuwa fundi,
mikono yako ilijua mbao na misumari.
Basi tusemezane kifundi:
wewe shika ncha hii,
mimi nivute ile.